Babu wa Stesheni Anajibu: Gunia Bila Lebo

Wasomaji wangu wa nyanda za juu, hamjambo. Huku Mbeya Julai imetukamata shingoni. Naandika nikiwa nimevaa koti langu la kazi la zamani, jiko la mkaa liko karibu na miguu, na mlango nimeuacha wazi kabla hamjaanza kuniusia. Kwa wageni wa ukurasa huu: nilikuwa karani wa simu kwenye stesheni ndogo za reli kwa miaka mingi. Sasa ni mstaafu mwenye simu janja moja, miwani ya kusomea, na makundi kumi na moja ya WhatsApp ambayo sikuomba hata moja kuingizwa. Barua za mwezi huu karibu zote zinazungumzia linki: kuzituma, kuzipokea, na kugombana chini yake.

*

Shikamoo Babu. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Mafinga. Napenda kusoma habari za teknolojia na za dunia, na nikikuta kitu kizuri nakituma kwenye kundi la walimu wenzangu na lile la ukoo. Hakuna anayejibu. Siku hiyohiyo mtu akituma kichekesho cha mlevi aliyeanguka mtaroni, watu thelathini wanacheka. Nimeanza kujiona kama mhubiri wa stendi. Niache?
Mwalimu, Mafinga

Marahaba mwalimu. Usiache. Ila barua yako haikusema unatumaje, na mimi nadhani nimeshakujua: unabandika linki, chini yake unaweka kile kikatuni cha macho mawili, unaondoka kwenda darasani.

Stesheni moja niliyofanyia kazi ilikuwa na chumba cha vifurushi. Siku moja lilishushwa gunia ambalo mwenyewe hakuliandika lebo. Halikuibiwa, wala halikuguswa na mtu. Mimi mwenyewe nililiruka wiki nzima nikienda kunywa chai. Lilipokuja kufunguliwa lilikuwa na mbegu za maharage, safi kabisa, na mvua za kupandia zilikuwa zimeshapita. Linki tupu ndiyo gunia hilo. Ndani inawezekana kuna mbegu, lakini anayepita anaona gunia tu.

Halafu mfikirie huyo anayepita. Yuko kwenye foleni ya mashine ya kusaga. Bando lake la siku ni la WhatsApp tu, kwa hiyo akibofya linki yako inazunguka, inazunguka, kisha anaambiwa anunue lingine. Akifanya hivyo mara mbili, ya tatu hatabofya. Si kwamba hapendi elimu, mwalimu. Amechoka kulipia gunia asilojua lina nini.

Kwa hiyo andika lebo. Sema nani anasema, lini, na jambo jipya ni lipi. Kisha sema kwa nini umewakumbuka wao na si watu wengine. Hili la mwisho ndilo linalomfanya mtu anyanyue kichwa. Nikupe langu. Jumapili tarehe 12 Mei 2024 intaneti ilianguka nchi nzima. Kwenye kundi letu la wakulima wa viazi kila mtu alikuwa na lake: mmoja anasema simu yake imekufa, mwingine anamlaani mnunuzi wa Dar es Salaam aliyeahidi kulipa jioni, wa tatu ana siri kutoka kwa shemeji yake. Mtandao ulipoanza kuchechemea nikakuta habari iliyoeleza sababu, nikaituma, na juu yake nikaandika hivi:

“Nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zimekatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Sisi Mbeya hatuna bahari, lakini mawasiliano yetu mengi ya nje hupita Dar es Salaam na kuingia majini. Anayesubiri malipo asimtukane mnunuzi kwanza. Ambaye bando halifungui, nimeshakwambia yote ya maana, yaliyobaki ni picha za meli.”

Mzee mmoja wa Isyonje, ambaye kwa miaka miwili hakuwahi kuandika kitu zaidi ya “Amina”, akauliza huo waya unalazwaje chini ya bahari. Nikamweleza: meli huutandaza polepole, na kule kwenye kina kirefu unene wake ni kama mpira wa kumwagilia bustani, ndani yake kuna nyuzi za kioo nyembamba kama unywele zinazopitisha mwanga. Akauliza, na papa je, hawaung'ati? Nikamjibu kwamba papa wanasingiziwa sana, nanga za meli na zana za wavuvi ndizo zinazokata zaidi. Kijana mmoja anayesomea umeme akaingia, mwingine akaleta habari za meli za kutengeneza nyaya. Tulikaa saa mbili. Viazi vilisahauliwa kabisa, na kwa kundi lile hilo si jambo dogo.

Swali la kuwaalika watu kujibu nalo lina namna yake. Ukiandika “Mnaonaje?” umewapa mtihani wa insha. Wewe na walimu wenzako, siku ukituma habari ya akili mnemba, uliza: “Nani hapa ameshasahihisha kazi ya mwanafunzi iliyoandikwa na ChatGPT, na ulijuaje?” Hapo utajibiwa hata na yule mwalimu wa zamu aliyekimbia kikao. Na tafadhali, linki moja kwa siku. Mimi siku nyingine situmi kabisa. Muuza nyanya anayemwaga tenga zima barabarani hauzi zaidi ya mwenye mafungu.

*

Babu, unaandika “linki” kila mwezi. Kiswahili ni “kiungo”. Unatuharibia lugha.
Mpenda Lugha, Njombe

Nimekusikia, ndugu yangu. Lakini kwangu viungo viko kwenye kopo la pilau. Uwanja wa Sokoine kiungo ni yule wa katikati anayegawa mipira, na mwezi huu wa Julai viungo ndivyo vinavyoniuma magotini. Nikimwambia jirani yangu “nimekutumia kiungo” atauliza kama ni iliki au mdalasini. Mhariri akitaka kubadilisha, kalamu nyekundu anayo yeye.

*

Shikamoo Babu. Nauza matunda Mwanjelwa. Mwaka 2025, katikati ya Mei, dada mmoja kwenye kundi letu la wafanyabiashara alituma linki kwamba serikali imezuia mazao kutoka Afrika Kusini na Malawi. Nilikuwa nimechanga na wenzangu wawili tuagize matufaha ya Sauzi, nikajitoa siku hiyo. Wenzangu wakaendelea, mzigo ukaingia, wakauza mpaka maboksi. Nilipomwendea yule dada akanifungulia linki: gazeti ni la kweli na habari ni ya kweli. Sasa mwongo ni nani?
Muuza Matunda, Mwanjelwa

Marahaba mwanangu, pole. Mwongo hayupo. Lililokupata ni la tarehe.

Zuio lile lilikuwepo kweli. Malawi walikuwa wamefunga mlango kwa baadhi ya mazao yetu, Afrika Kusini kwa miaka mingi hawakuwa wakipokea ndizi zetu, na Aprili 2025 serikali yetu nayo ikafunga wa kwake. Lakini siku chache tu baadaye zuio liliondolewa ili mazungumzo yaendelee. Hata Mei haikulikuta. Dada yako alituma Mei habari ya Aprili, na hakuandika hata neno juu yake.

Hapa pana mtego ambao watu wengi hawauoni. Kwenye daftari la simu la stesheni tulikuwa na safu mbili za saa: saa ujumbe ulipotolewa na saa ulipopokelewa. Hazichanganywi, kwa sababu njia ya reli ni moja, na ukidhani ruhusa ya asubuhi ni ya jioni unakutanisha treni mbili uso kwa uso. WhatsApp ina safu moja tu. Chini ya linki inaandika saa 4:12 asubuhi, ukatazama saa yako ni 4:20, moyo ukakwambia habari ina dakika nane. Kumbe ile ni saa ya mwenzako kubonyeza. Habari yenyewe inaweza kuwa na wiki tatu au miaka mitatu.

Kwa hiyo kabla hujajitoa kwenye mchango wa fedha, fungua linki utafute tarehe chini ya kichwa cha habari. Kisha andika maneno hayohayo kwenye Google na uongeze “yaondolewa” au “leo”. Kama kuna mlango uliofunguliwa baadaye, utauona. Na kwa jambo la mzigo wa mpakani, mpigie wakala wako wa forodha, maana yeye anakula kwa kujua mlango upi uko wazi.

Yule dada ana nusu ya kosa. Angeandika “hii ni ya Aprili, kuna mwenye habari mpya?” wewe ungekuwa na hela ya ada leo. Lakini nusu nyingine ni yako, na bahati mbaya hasara haigawanywi nusu kwa nusu.

*

Babu mambo vipi. Kuna jamaa alituma linki ya trekta linalolima lenyewe bila dereva. Nikashusha komenti ndefu kwamba ni video ya kuunganisha, trekta haliwezi kuona ng'ombe akikatiza shamba. Jamaa akajibu maneno matatu: “Aya ya pili.” Nikaenda kusoma, aya ya pili inaeleza kamera zake zote. Tangu siku hiyo mtaani naitwa Aya ya Pili. Mpaka kondakta wa daladala ananiita hivyo. Nifute komenti?
Aya ya Pili, Uyole

“Mambo vipi” wape wenzako wa kijiweni. Mimi nipe shikamoo, kisha tucheke pamoja.

Usiifute. Wameshaipiga picha, na ukifuta utaitwa Aya Iliyofutwa. Andika chini yake: “Nimesoma sasa. Nilikosea kuhusu kamera.” Mistari miwili hiyo inaua utani haraka kuliko maelezo ya ukurasa mzima.

Trekta lenyewe lipo. Kampuni ya Marekani ya John Deere ililionyesha Las Vegas Januari 2022. Lina jozi sita za kamera zinazotazama pande zote, na mkulima analisimamia kupitia simu yake. Likikutana na kitu lisichokielewa linasimama na kumuuliza mwenyewe.

Wala usidhani uko peke yako. Tarehe 1 Aprili 2014 redio ya umma ya Marekani, NPR, iliweka Facebook habari yenye kichwa kinachouliza kwa nini Wamarekani hawasomi tena. Aliyefungua alikuta ndani maelezo kwamba huu ni mzaha wa Siku ya Wajinga, na kama umefika hapa tafadhali usikomenti. Watu wakamiminika kukomenti, wengine kwa hasira kabisa, wakilalamikia vizazi visivyosoma! Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia na wenzao wa taasisi ya Inria ya Ufaransa walichunguza linki zinazosambazwa Twitter, wakakuta asilimia 59 hazikubofywa hata mara moja. Hata Twitter wenyewe mwaka 2020 walianza kumuuliza mtu, “Hutaki kusoma kwanza?” kabla hajasambaza.

Lakini nina neno moja zaidi na wewe, kijana. Swali lako la ng'ombe lilikuwa zuri, ila umelipotezea kwenye ubishi. Ungesoma kwanza, ungekuja na hoja ambayo mwandishi hakuigusa: lile trekta limepigwa picha kwenye uwanda ambao ukisimama huoni mwisho wake. Sasa lilete Umalila. Shamba limeegemea mlima, matuta yamekatiza, kona moja ni ya baba mdogo, kona nyingine kuna kaburi la bibi, na katikati mtoto anapita na mbuzi watatu. Hiyo komenti ningeisoma mimi, na mkulima wa Iowa huko Marekani angeisoma pia. Ulikuwa nayo mfukoni, ukakimbilia kusema uongo-uongo.

*

Shikamoo baba. Kwetu ni Iringa, nimeolewa Tukuyu, na mimi ni muuguzi. Baba mkwe wangu amenunuliwa simu janja na yumo kwenye kundi la ukoo. Kila alfajiri anatuma linki na video: mara minara ya 5G ndiyo ilileta korona, mara majani fulani yanamaliza kisukari kwa siku tatu, dawa za hospitali zitupwe. Mama mkwe ana kisukari. Kwa mila yao mkamwana hata kukutana na baba mkwe njiani ni mwiko, sasa nimkosoe mbele ya watu sitini? Na nikinyamaza naogopa mama ataacha vidonge.
Mkamwana, Tukuyu

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na ya tatu nilimsomea mke wangu kwa sauti.

Wazee wa Kinyakyusa walipoweka mwiko ule, kwamba mkamwana akisikia baba mkwe anakuja aiache njia, hawakujua kuna siku wote wawili watatiwa kwenye chumba kimoja kisicho na ukuta, wakisomana asubuhi na jioni. Nyumba zinatofautiana siku hizi, nyingine zimelegeza. Lakini wewe umeniambia ya kwenu haijalegeza, basi tuiheshimu na tufanye kazi ndani yake.

Tenganisha kwanza. 5G inaweza kusubiri, kisukari hakisubiri. Leo, kabla hujamaliza kusoma ukurasa huu, mpigie mama mkwe. Usitaje video. Muulize amekunywa vidonge, vimebaki vingapi, siku ya kliniki ni lini. Na wifi yako aliye karibu naye mwambie wazi kwamba mwenye kisukari akitupa dawa ghafla sukari inaweza kupanda hadi akazimia. Hilo halipiti kwenye kundi, linapita kwa sauti.

Kwa baba mkwe, nikueleze jinsi mzee anavyopokea jambo hili, maana mimi nimepigwa nalo. Miaka michache iliyopita niliamka nikakuta picha ya mlima unamwaga moto usiku, imeandikwa “Mlima Rungwe umelipuka.” Rungwe ni volkano iliyolala, na nina ndugu Kiwira. Mikono ikatetemeka, nikaituma makundi matano. Mimi, niliyekuwa narudia ujumbe wa njia neno kwa neno kabla ya kuuandika! Baada ya nusu saa mkwe wangu, aliyemuoa binti yangu wa pili, akanipigia. Hakuandika kitu kwenye kundi. Aliniamkia, akaniuliza hali ya miguu, kisha akasema, “Baba, ile picha nzuri ya mlima umeipata wapi?” Basi. Nikajiuliza na mimi: niliipata wapi? Akanielekeza niipeleke picha kwenye Google Lens, ambayo hutafuta mahali pengine picha ileile ilipowahi kutokea. Ikaja Nyiragongo, karibu na Goma, Congo, Mei 2021. Simu yangu ilikuwa imejaa mshangao wa watu wa Kiwira waliokuwa wakitazama mlima wao umetulia na ukungu wake.

Ona alichofanya yule kijana. Aliuliza, hakusema. Aliuliza faraghani. Na kusahihisha akaniachia mimi. Niliandika kwa mkono wangu: “Picha ya asubuhi si Rungwe, ni Congo. Nilikosea.” Walioijibu ile ya moto walikuwa wengi sijui wangapi. Walioijibu hii walikuwa wawili, na mmoja ni mke wangu aliyekaa chumba cha pili. Baada ya wiki picha ikanirudia kutoka Kyela ikiwa na mishale miwili. Mishale hiyo ni alama ya WhatsApp kwamba ujumbe umeshapita mikono mingi, na tangu Aprili 2020 ujumbe wa aina hiyo unatumwa kwa mtu mmoja au kundi moja tu kwa kila safari, ili kuupunguzia mwendo. Hata kwa mwendo huo ulifika Kyela. Mwaka 2018 watafiti wa chuo cha MIT cha Marekani walipima habari zipatazo 126,000 zilizosambazwa Twitter, wakakuta habari ya kweli ilichukua muda mara sita hivi wa ile ya uongo kuwafikia watu 1,500. Nilipoisoma sikushangaa, nilikuwa nimeshapima mwenyewe kwa mlima mmoja.

Basi mtume mumeo, yeye ni mtoto wa nyumba. Asimwambie baba “unasambaza uongo.” Amuulize video ya majani kaitoa wapi, na yule anayeongea ni daktari wa hospitali gani. Kuhusu 5G amwambie kwamba yale ni mawimbi ya redio, ndugu wa yale yaliyomletea taarifa ya habari ya saa mbili usiku tangu ujana wake, na kirusi hakipandi mawimbi. Uingereza mwaka 2020 waliamini uvumi huohuo wakachoma minara, na mmoja wa iliyochomwa ulikuwa unahudumia hospitali ya muda ya wagonjwa wa korona huko Birmingham.

Lakini usiishie kumnyang'anya. Mzee anayeamka alfajiri kutafuta dawa ya mke wake ana mapenzi, tena ana bidii. Mpe kazi. Wewe muuguzi andika mistari mitano kuhusu kisukari: miguu ichunguzwe kila jioni, chai ipunguzwe sukari, kliniki isikosekane. Mumeo ampelekee baba, baba aitume kwa jina lake. Kundi zima litamshukuru yeye, na wewe utaisoma kimya jikoni kwako, mwiko haujavunjwa. Ukifanya hivyo mara tatu, mara ya nne atamuuliza mwanawe mwenyewe, “Hii umemwonyesha yule wako wa hospitali?”

*

Shikamoo Babu. Nina saluni hapa Iringa mjini. Nimepokea linki ya GB 50 za bure, nikaambiwa niitume kwa watu kumi na wawili kwanza. Nimetuma, hakuna GB. Baadaye ikaja ya nafasi za kazi serikalini, ina alama ya kufuli kabisa na imeandikwa go.tz, kisha nukta na jina jingine refu. Nitajuaje?
Dada wa Saluni, Iringa

Marahaba dada. Ile ya GB sina haja ya kuichambua. Anayekupa kitu kwanza akakutaka utafute watu kumi na wawili, bidhaa ni hao kumi na wawili. Waandikie leo hii wasibofye, na kama kuna mahali uliandika namba ya siri, ibadilishe.

Ya pili inataka macho. Anwani ya linki inasomwa kutoka kulia, kama anwani ya mtu: ukiambiwa “Gangilonga, Iringa, Tanzania” unaanza na Tanzania ndipo utafute mtaa. Tazama ile mikwaju miwili ya mwanzo (//), kisha tafuta mkwaju (/) unaofuata. Simama hapo, rudi kushoto. Maneno yanayougusa huo mkwaju ndiyo nchi na wilaya yake. Ajira za serikali ziko portal.ajira.go.tz, na hapo mwisho ni go.tz. Wewe umeonyeshwa go.tz katikati, kisha nukta, kisha jina jingine refu lenye mwisho wa ajabu. Huyo ni mtu wa mbali aliyejiandika “Iringa” kwenye fulana.

Kufuli linasema tu kwamba mazungumzo kati yako na ukurasa ule hayasikilizwi na wapita njia. Halisemi aliye ndani ni mwema. Mwizi naye hufunga mlango wake.

Usiogope tu miisho yote migeni. Zile linki fupi za bit.ly zina .ly ya Libya, za youtu.be zina .be ya Ubelgiji, na wa.me ya WhatsApp ina .me ya Montenegro. Wenye kampuni walipenda herufi, hawajahamia huko. Ila linki fupi inaficha inakokwenda, kwa hiyo aliyeituma lazima akwambie ni nini, na kama hakusema, muulize. Ujumbe wa kitapeli unaokuja kwa meseji uripoti TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa namba 15040. Na kwa kuwa watatu mmeniuliza mwezi huu: ndiyo, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ina kifungu cha 16 kwa anayechapisha taarifa akijua ni ya uongo na kwa nia ya kupotosha. Adhabu ni faini isiyopungua milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Kwa zaidi ya hapo mwone wakili. Mimi nilikuwa naongoza treni.

*

Babu, na wewe unasoma saa ngapi, na juzi ulituma nini?
Jirani, Iyunga

Saa kumi na moja alfajiri, kabla watoto hawajaamka kumaliza bando langu. Juzi nilituma habari ya Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Geneva. Mwaka 1989 alimpelekea bosi wake mpango wa kuunganisha nyaraka za kompyuta kwa linki, ndizo hizi tunazogombania. Bosi akaandika juu ya karatasi komenti fupi, kwamba haueleweki vizuri lakini unasisimua, akamwacha aendelee. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN wakaiachia dunia nzima bure. Juu yake niliandika: “Linki zote mnazonitumia zilianzia kwenye karatasi hii. Someni alichoandika bosi. Bosi wenu angeandika nini?”

Waliojibu ni wanne. Watatu waliwataja mabosi wao kwa maneno ambayo mhariri hataruhusu. Wa nne aliuliza mbolea imefika bei gani Kabwe.